Sikio la Fundi

Gereji ile ilikuwa na mafundi wa kila namna: wa rangi, wa matairi, wa umeme, na wengine ambao hata wenyewe hawakujua ni mafundi wa nini, wapo tu tangu asubuhi wameshika spana na kubishana mpira. Lakini mtu akija na injini iliyomshinda, getini hawakumjibu kwa maneno mengi. Walimwonyesha kwa kidevu: "Nenda kule mwisho, kwenye bati jekundu. Muulize Sikio."

Jina alilopewa na wazazi wake lilishasahaulika. Hili la Sikio alilipata akiwa kijana, siku lori lilipopita barabarani yeye yuko chini ya gari la mtu, akasema bila hata kuchungulia, "Lile halifiki mbali, lina valvu imelegea." Kesho yake lori likaletwa limefungwa kamba. Tangu hapo hakuna aliyemwita vinginevyo. Alikuwa na bisibisi moja ndefu yenye mpini wa mbao. Ncha aliigusisha kwenye injini, mpini akaubana sikioni, akafumba macho kama mtu anayesikiliza siri mlangoni. Akifumbua, ameshajua. Wenzake walifungua injini ili wajue. Yeye alijua kwanza ndipo akafungua. Na alikuwa na maringo nayo, tusimsingizie upole. "Macho ni ya mpaka rangi," alizoea kusema, na mpaka rangi mwenyewe akamrushia tambara la mafuta.

Kazi ikiisha, alisema neno moja: "Imekaa kimya." Injini nzuri pale haikusifiwa kwa nguvu wala kwa mbio, ilisifiwa kwa kimya, na neno hilo yeye ndiye aliyelileta. Ukisikia Sikio kasema imekaa kimya, washa gari lako uende zako.

Sasa sikilizeni balaa lenyewe. Masikio yakaanza kumtoka.

Hayakufa kwa siku moja, yangekufa kwa siku moja angejua. Kwanza aliona watu wa siku hizi wanaongea kama wamebana maji mdomoni. Kisha redio ya nyumbani ikaharibika, akaifungua, akakuta haina kosa, akaitupa juu ya kabati kwa hasira. Mkewe alikuwa amefariki zamani, kwa hiyo hakukuwa na mtu ndani wa kumwambia, wewe mbona hujibu? Na kule kazini kila gari aliloligusa likawa kimya. Alifurahi, jamani! Alidhani mkono wake umekomaa. Injini baada ya injini, anaweka bisibisi sikioni, anafumba macho: kimya. Mpaka siku aliporudi kinyumenyume akagusa kitu kinachotetemeka, kugeuka, kumbe ni mashine ya upepo ya fundi wa matairi, ile ambayo majirani waliishtaki mpaka serikali ya mtaa kwa kelele zake. Ilikuwa inanguruma mgongoni kwake, na yeye hana habari. Akakaa juu ya tairi bovu.

Hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Fundi anayeitwa Sikio aende kwa wenzake aseme hasikii? Wangemcheka kwanza, halafu wangemhurumia, na huruma ya gerejini ni kupewa kazi ya kuosha spea kwa petroli. Akajifunza ujanja. Alitazama midomo. Alianza yeye kuongea ili asiulizwe. Wenzake wakicheka, naye alicheka. Na juu ya yote alikuwa na neno "sawa". Hilo ni neno la ajabu, linajibu swali, linajibu salamu, hata tusi linalijibu. Watu wakasema, Sikio amekuwa mpole uzeeni.

Mtu mmoja tu hakudanganyika, naye ni mama yake.

Mama huyo alikuwa mzee wa kukunjika, figo zake zimekufa, lakini masikio yake yalikuwa mazima kuliko ya watoto wake wote. Angesikia hata sisimizi akipiga chafya. Alikaa kwa mwanawe wa mwisho, kinyozi, ambaye mtaa mzima ulimtania kwamba ana saluni mbili: moja ya kunyolea watu, moja ya magurudumu manne. Hii ya magurudumu ilikuwa gari dogo jeupe, limezeeka lakini linatunzwa. Kila baada ya siku mbili Kinyozi alifunga kibanda chake, akamlaza mama kiti cha nyuma, akampeleka hospitali upande wa pili wa mji kusafishwa damu kwa mashine. Maisha ya mama yalikuwa yamefungwa kwenye gari lile. Likiwaka, anaishi. Kila mtu katika familia alilijua hilo, na Sikio alilijua zaidi, maana yeye ndiye aliyekuwa fundi wake.

Basi asubuhi moja Kinyozi akaliingiza gerejini, mama yuko nyuma na shuka miguuni, taa ya njano ya injini inawaka mbele ya usukani.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Ina nini?"

"Taa hiyo. Na nikikanyaga mafuta inasitasita, kama mtu aliyesahau alichotaka kusema."

Sikio akachomeka kimashine cha kusomea chini ya usukani. Kikatoa namba ya kosa, na maana yake ilikuwa kwamba kamshafti haipatani na krenkshafti. Kwa asiyejua, ni hivi. Ndani ya injini kuna vyuma viwili virefu vinavyozunguka, kimoja chini, krenkshafti, kinaendesha pistoni, kimoja juu, kamshafti, kinafungua na kufunga valvu, na cheni moja imeviunganisha. Ni kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja. Huyu akiinua, yule anashusha. Mmoja akichelewa kidogo tu, michi inagongana. Gari lilikuwa linasema: mmoja wetu anachelewa.

Ugonjwa huo una mababa wengi, na fundi mwenye akili anaanza na mwepesi. Sikio akamwaga oili. Ikatoka nyeusi, nzito, kama uji ulioungua. Akaweka mpya. Akaichomoa valvu ndogo inayopitisha oili kule juu, akaikuta imejaa uchafu, akaisafisha mpaka ikang'aa. Akabadilisha sensa ya kamshafti, kile kidude kinachohisi mzunguko wake. Akafuta lile kosa kwenye kimashine, taa ikazimika.

Ikabaki cheni. Cheni iliyolegea ina dalili yake moja: ukiwasha injini ikiwa imepoa, inachakarika muda mfupi, kokoto ndani ya kopo, kisha oili ikipanda inanyamaza. Mwingine angefungua kifuniko cha juu akaishika kwa kidole. Ni kazi ya kutoa boliti chache tu. Sikio alizitazama boliti zile, spana iko mkononi. Lakini fundi umeme alikuwa amesimama pale, mpaka rangi naye amesogea, na Sikio afungue kifuniko ili aone kwa macho? Si angekuwa amejitangaza? Akaiacha injini ipoe, akamwambia Kinyozi awashe, akaubana mpini wa bisibisi sikioni, akafumba macho.

"Imekaa kimya," akasema.

Kinyozi alikuwa ameshuka, ameinama upande wa pili wa boneti. "Kaka, mbona imelia pale ilipowaka? Kama kokoto hivi. Hata mama juzi aliniambia." Mdomo wake ulikuwa umeelekea kwenye injini. Sikio aliona utosi tu unacheza.

"Sawa," akajibu.

Kinyozi akashusha boneti. Nani ambishie Sikio habari za mlio?

Kisha mama akamwita kwa mkono. Sikio akaenda dirishani, akainama. Mama akamshika kiganja, akatazama kwanza kule waliko mafundi, akavuta ncha ya shuka mpaka mdomoni, akasema jambo. Alisema kwa muda. Sikio hakuona mdomo, aliona shuka tu ikipanda na kushuka. Akadhani anashukuriwa. Mama akamaliza, akamkodolea macho, anangoja jibu.

"Sawa, mama."

Loo, mama alivyofurahi! Akamminya kiganja kwa nguvu ambazo hakuna aliyejua bado anazo. Gari likaondoka, naye Sikio akarudi chini ya lori lake, moyo mweupe.

Siku ya hospitali ilipofika, gari lilikufa kwenye mlima baada ya daraja. Lilikohoa mara moja, likazimika, na kila Kinyozi alipowasha lilizunguka bure bila kushika. Walikaa kando ya barabara jua likipanda. Miguu ya mama ilikuwa imevimba, pumzi inakatika, Kinyozi anampepea kwa kipande cha boksi na kupungia kila gari linalopita. Alipopatikana mwenye pikapu ya mboga aliyewahurumia, na kufika kule, zamu ya mama kwenye mashine ilikuwa imepewa mgonjwa mwingine, na mashine zilizobaki zilikuwa na watu. Wakaambiwa warudi kesho mapema. Kesho hiyo mama hakuifikia. Kinyozi alipomletea chai alfajiri, alikuta ameshaondoka.

Msibani Sikio alikaa na wanaume kwenye viti vya kukodi, akipewa pole na midomo asiyoisikia, akijibu sawa, sawa. Alijua kwamba gari lilikufa njiani, na alijua ni cheni, hakuhitaji kuambiwa. Lakini hakuelewa kwa nini mdogo wake hamtazami kabisa. Mtu akikosea kazi utamtukana, utampiga hata. Kutomtazama ni kwa jambo jingine.

Mazishi yakapita. Kinyozi akaja gerejini na gari limefungwa kamba nyuma ya lori, akalifungua mbele ya bati jekundu, akasimama uso kwa uso na kaka yake, kwa hiyo safari hii Sikio aliona kila neno.

"Hili hapa. Lile ulilosema limekaa kimya."

"Nitalitengeneza."

"Nilikuambia linalia! Nimesimama hapa hapa nikakuambia. Ukasema sawa."

"Sikusikia."

"Najua hukusikia!" Kinyozi akapiga boneti kwa kiganja. "Hukusikia langu, hukusikia la mama. Sikio la kufa halisikii dawa. Jina walikupa kwa makosa!"

Mafundi wakainamisha vichwa. Oneni lugha yetu ilivyomfanyia mtu huyu. Amebeba siri miaka, siku anayoitoa mdomoni, neno lenyewe linamgeuka: sikusikia. Mtoto mkaidi hasikii, mlevi hasikii, mume mbaya hasikii. Alikuwa amesema ukweli mtupu, na mdogo wake akaupokea kama kiburi. Sikio angeweza kuongeza neno moja tu pale. Alifungua mdomo. Akamwona mpaka rangi anamtazama, akaufunga, akachukua spana.

Aliipasua injini ile peke yake, akakataa msaada. Alipoondoa kifuniko cha juu akaigusa cheni kwa kidole, ikacheza kama kamba ya kuanikia nguo. Kidole kimoja! Kidole kile kile angekigusisha siku ile. Alikaa na mkono umo ndani ya injini, akatukana, akajitukana yeye mwenyewe kwa jina lake la utotoni. Alipofungua chini, akakuta zile reli za plastiki zinazoibana cheni zimevunjika vipande, vimezama kwenye oili. Cheni ilikuwa imeruka meno kule mlimani, valvu zikapigwa na pistoni, zikapinda.

Akashusha hedi, kile kichwa cha injini kinachobeba valvu. Akaweka valvu mpya, akazisugua kwenye sehemu zake za kukalia mpaka zikaziba vizuri. Akanunua cheni mpya, reli mpya, na kikaza cheni, kile kidude kinachosukumwa na oili, maana ndicho kilichochoka kwanza na kuwaponza wengine. Akalinganisha alama za gia zinazobeba cheni, ya juu na ya juu, ya chini na ya chini. Akaizungusha injini kwa mkono, taratibu, mzunguko hadi mzunguko, alama zikarudi mahali pake. Akarudia. Akarudia tena, kwa kuwa sasa alikuwa na macho na vidole tu, basi akavitumia kama mtu asiyejiamini. Bisibisi ndefu ilibaki inaning'inia ukutani.

Kinyozi alikuja kila siku akifunga kibanda. Alikaa juu ya lile tairi bovu kama askari anayelinda maiti. Kaka anafunga boliti, mdogo anatazama. Mafundi waliokuwa wakitaniana walipofika kwenye bati jekundu walinyamaza, wakapita.

Ikafika siku ya kuwasha. Kinyozi akakaa kwenye usukani. Sikio akaweka kiganja juu ya injini, akaashiria kwa kichwa: washa. Chuma kikashtuka chini ya kiganja chake, kikatetemeka, kisha kikatulia, mtetemo mmoja ulio sawasawa. Kimashine hakikutoa kosa lolote. Taa haikuwaka. Lakini Sikio hakusema lile neno lake. Alizunguka mpaka dirishani, akamtazama mdogo wake mdomoni.

"Inasemaje?"

Kinyozi alishangaa. "Unaniuliza mimi?"

"Niambie wewe."

Kinyozi akasikiliza. "Imekaa kimya," akasema, na kusema vile kukamvunja. Akaegemeza paji la uso kwenye usukani, mabega yakacheza. Sikio akamgusa, akamwinua kidevu, ili amwone.

"Kaka, cheni nimesamehe," Kinyozi akasema, machozi yanamtiririka. "Chuma ni chuma. Lakini ulimwahidi mama. Mbona hukuja?"

"Kuja wapi?"

"Kuja wapi! Siku ile hapa dirishani si alikuambia? Twende wote hospitali, siku yake ya mashine, umpeleke kwa daktari wa masikio. Ukasema sawa, mama. Tulikungoja getini nyumbani, gari linawaka. Mimi nasema tunachelewa, yeye anasema subiri, kaka yako amesema sawa. Tumengoja mpaka akachoka. Hata barabarani alikuwa anageuka nyuma, anasema labda anatufuata. Na tungefika mapema, kaka, hata kwa pikapu, zamu yake tungeikuta."

"Daktari wa masikio," Sikio akasema.

"Ndiyo. Alisema masikio yanamsumbua, na anataka apelekwe na wewe, si mimi. Na mimi nilishangaa, maana mama alikuwa anasikia kuliko sisi sote. Yeye ndiye wa kwanza kusikia hiyo cheni."

Sikio alisimama palepale, mkono umeshika mlango. Ikamjia yote kwa mpigo: mama akitazama kule waliko mafundi, akivuta shuka mdomoni. Alijua. Tangu lini, Mungu ndiye ajuaye, lakini alijua, na hakutaka mtu mwingine ajue. Hata kwa mwanawe wa mwisho alijisingizia ugonjwa. Pale dirishani alimnong'oneza ili wenzake wasisikie aibu yake, akasahau, maskini mama, au hakujua ilivyofika mbali, kwamba huyo anayenong'onezwa naye hasikii.

Kilio kikampanda. Akataka amweleze mdogo wake, wao wawili tu, palepale dirishani, kwa sauti ya chini kama aliyotumia mama. Alidhani amenong'ona.

"Masikio yalikuwa yangu!" akasema. "Mimi ndiye kiziwi! Sikusikia alichosema, sikusikia hata neno moja!"

Sauti ilitoka kubwa, ikapita juu ya injini, ikapita juu ya mashine ya upepo, ikafika getini. Mpaka rangi akashusha bomba lake la kupulizia rangi. Fundi wa matairi akazima mashine. Gereji nzima ikasimama, spana mkononi, inamtazama. Sikio alikuwa amewapa mgongo. Aliendelea kumwambia Kinyozi kwa sauti ile ile, akiamini ni siri yao, na Kinyozi hakuwa na moyo wa kumwambia anyamaze.